Siku moja kwa kombania nzima au wiki moja kwa wachache? Kuchagua mafunzo ya huduma ya kwanza kwa askari asiye tabibu

Luteni mmoja kijana alinifuata nyumbani Isevya, hapa Tabora mjini, jioni, amevaa kiraia, mkononi ana karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mpango wa kuifunza kombania yake yote, watu kama 120, huduma ya kwanza kwa siku moja. Ya pili ilikuwa mpango wa kuwatoa watu 8 tu, wakae darasani wiki nzima na kurudi na vyeti. Fedha na ruhusa vilitosha mpango mmoja.

"Mzee, wewe umekaa zahanati ya kikosi miaka mingi. Nichague upi?"

Nikamjibu, "Kaa kwanza, afande, chai inachemka." Jibu lilikuwa refu kuliko alivyotarajia. Nimeliandika kwa sababu tangu nistaafu swali hilo limenifikia mara nne au tano: kutoka kwa maofisa, wakufunzi wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hata jamaa mmoja mwenye kampuni ya ulinzi. Wote wanamzungumzia mtu yule yule. Kazi yake ni bunduki, usukani, jembe au sufuria. Sindano hajawahi kuishika, lakini siku ya siku yeye ndiye atakayekuwa amesimama pembeni ya aliyeumia.

Anza na rejista ya zahanati

Nilimuuliza luteni anadhani watu wake wataumia na nini. Akasema risasi na vipande vya bomu. Nikamwambia aende kesho yake zahanati, aombe rejista ya wagonjwa ya miezi 12, ahesabu majeruhi kwa mkono wake, kisha arudi.

Alirudi baada ya siku tatu, kimya kidogo. Alikuta panga: mguu, kiganja, goti, hasa miezi ya kusafisha mashamba. Alikuta pikipiki nyingi, na karibu zote ni za watu waliokuwa ruhusa. Lori lililoacha barabara. Jikoni watu wawili waliungua kwa uji wa sufuria kubwa. Alikuta nyoka na nyuki, na kuruta watatu walioanguka kwenye matembezi ya masafa marefu mwezi wa kumi, Tabora ikiwa kavu kama kigae na jua limesimama utosini. Risasi ilikuwa moja, na ilikuwa ya mtu aliyekuwa anasafisha silaha yake mwenyewe.

Hilo halimaanishi vita visahauliwe. Jeshi lipo kwa ajili ya vita, na askari wetu wanatumwa nje. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, karibu na Beni huko Kongo, ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Katika hali kama ile hakuna gari la wagonjwa linaloingia mpaka milio ikome. Lakini mafunzo yanayotazama risasi peke yake yatamwacha askari akiduwaa mbele ya mwenzake aliyeumwa na nyuki 200 huko msituni Sikonge. Hata vita vyenyewe vilivyopita hapa vilikuwa hivyo. Wabelgiji walipouteka mji wa Tabora Septemba 1916, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote walikuwa wakifa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi.

Kwa hiyo karatasi mbili za luteni zilibeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja: nani afunzwe, na afunzwe nini. Ukichagua la kwanza bila la pili utapata vyeti tu.

Watu 8 kwa wiki nzima

Mpango huu unawavutia wakubwa, na sababu zake zina uzito. Wiki moja inatosha kumtoa mtu kwenye woga wa damu na kumfikisha kwenye mazoea. Anajifunza kupanga majeruhi watano kwa uharaka wao, kufunika tundu la kifua, kuandika kilichofanyika na saa kilipofanyika, na kumbeba mtu kilometa mbili bila kumuumiza zaidi. Jeshi la Marekani lina ngazi ya namna hii, wanaiita CLS (Combat Lifesaver, yaani askari mwokoa maisha vitani), na kozi yake ni saa 40. Mhitimu si tabibu. Anabaki askari wa kawaida, bunduki yake begani, ila mkoba wake una vitu vingi kidogo.

Hapo niseme jambo la pembeni, maana nimeliona kwa macho: usimshonee mtu huyu msalaba mwekundu kwenye kombati. Alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na ina watu wake. Mpiganaji mwenye ujuzi wa kufunga jeraha bado ni mpiganaji.

Udhaifu wa mpango huu ni uhamisho. Watu 8 leo, baada ya mwaka utakuta watatu. Mmoja kahamishwa Kigoma, mmoja yuko kozi nyingine, mmoja kapandishwa cheo na sasa anakaa ofisini, wawili wako lindo mbali na kila mtu. Tena waliobaki wana tabia ya kuwa likizo siku damu inapomwagika.

Nilikuwa kwenye kambi moja, sitaitaja, iliyokuwa na watu wawili tu waliosomeshwa vizuri kabisa. Asubuhi moja ya Desemba mmoja yuko msibani, mwingine kasindikiza gari la mahindi. Kijana akajikata na panga nyuma ya goti. Wenzake zaidi ya 20 walikuwepo, vijana wenye nguvu na wenye kumpenda, wakamfunga kamba ya buti kwa haraka sana. Walimfunga chini ya jeraha. Damu inatoka juu inashuka, wao wamekaza chini. Aliyemwokoa ni dereva ambaye hakuwa na kozi yoyote: alimkalia paja, akakandamiza kwa magoti yake yote mawili, na akagoma kushuka mpaka walipofika hospitali. Gari aliendesha mwingine. Kwa wale 20 ilikosekana saa moja tu ya mafunzo.

Watu 120 kwa siku moja

Hoja ya mpango huu ni hiyo hiyo ya dereva. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kuisha ndani ya dakika chache, na dakika chache ni muda wa kumwita tabibu kwa sauti mara tatu. Umoja wa Mataifa unapopanga huduma za walinda amani hutumia kipimo cha 10-1-2: ndani ya dakika 10 damu izuiwe na njia ya hewa iwe wazi, ndani ya saa 1 majeruhi apate huduma ya juu ya kuokoa maisha, ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Dakika 10 zile za kwanza ni za jirani yake, hata tabibu awe hodari kiasi gani.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipitia vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani vitani kati ya 2001 na 2011. Asilimia 87 walikufa kabla ya kufika hospitali. Karibu robo ya hao walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na katika robo hiyo watu 9 kwa kila 10 walimalizwa na damu. Katika jeshi hilo hilo kilikuwapo kikosi cha Rangers, ambacho makamanda wake waliamua kila mtu afunzwe, kuanzia mkuu mpaka mpishi, na huduma ya majeruhi ihesabiwe kuwa ujuzi wa msingi kama kulenga shabaha. Taarifa yao ya 2011 ilionyesha hawakupoteza mtu ambaye angeweza kuokolewa kwa huduma ya pale pale uwanjani. Mimi si mtu wa kuiga kila kitu cha Wamarekani, lakini hili ningeliiga bila aibu.

Udhaifu wa siku moja nao ni mkubwa, na wengi hawauoni mpaka wameshaharibu fedha. Watu 120 kwenye bwalo moja, mkufunzi mmoja, projekta moja: huo ni mkutano wa hadhara. Safu tatu za mbele wanaitikia, za katikati wanasinzia, za nyuma wanakula karanga. Mkono haufunzwi kwa kutazama. Nimehudhuria siku za namna hiyo na kusaini karatasi ya mahudhurio, na jioni nikamwomba askari mmoja anionyeshe pa kukaza mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono wangu. Akashika kifundo.

Kwa hiyo siku moja ina thamani kwa sharti moja: mkufunzi asizidi watu 8, au tuseme 10 kwa shida. Kwa kombania ya luteni, dawa ni kuivunja kwa platuni. Platuni moja kwa siku, watu kama 40, wakufunzi wanne. Siku tatu zimekwisha na kambi haijasimama, kwa sababu platuni nyingine zinaendelea na lindo na shamba. Mpango wake unabaki "siku moja" kwa kila mtu, lakini sasa ni siku ya kweli.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo fedha iende, na sisemi hivyo kwa kusitasita. Ningebadilisha mawazo katika hali moja tu: kama seksheni zako, vile vikundi vidogo ndani ya platuni, zinatoka kambini na kukaa mahali ambapo gari halifiki hospitali ndani ya saa moja au mbili. Mtu aliyeko porini ng'ambo ya Urambo wakati wa masika, daraja limekwenda na maji, anahitaji mwenzake mwenye zaidi ya siku moja. Kamanda wa namna hiyo aanze na wale wa wiki, mmoja kwa kila seksheni, lakini awaandikie sharti kabla hawajaondoka: ukirudi, mwezi unaofuata unafundisha. Cheti kisichofundisha wengine hubaki ukutani.

Silabasi ya vita au ya mtaani

Hapa ndipo luteni alipoinamia karatasi kuandika, kwa sababu wauzaji wa mafunzo hawalisemi.

Kozi za kiraia, kama zile ambazo Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kimekuwa kikitoa kwa miaka mingi, hupanga mambo kwa mantiki ya mtaa: angalia usalama, mwite mtu, ita msaada, njia ya hewa, kupumua, kisha damu. Zina moyo kusimama, kuungua, kupaliwa, kifafa, kuvunjika. Mfumo wa kijeshi ulioenea duniani tangu 1996, unaojulikana kwa herufi TCCC (Tactical Combat Casualty Care, yaani huduma ya majeruhi vitani), ulipindua mpangilio. Damu inayomwagika kwa nguvu ndiyo ya kwanza, halafu njia ya hewa, halafu kifua, halafu mzunguko wa damu, halafu kumkinga majeruhi na baridi na kutazama kichwa. Na kabla ya yote hayo, wakati risasi zinaendelea, kazi ya kwanza ni kujibu mapigo na kumtoa mwenzako kwenye hatari. Huduma inayofanyika hapo ni mkanda wa kukaza tu, mengine yasubiri.

Kila mmoja una pengo. Wa vita hautilii mkazo kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo umesimama kwa jeraha la vitani, kwa sababu mara nyingi haurudi na wewe mwenyewe utapigwa. Lakini kambini mtu huchomolewa kwenye bwawa au hupigwa na umeme wa mashine ya kusaga, na pale kusukuma kifua ndiko kunakoweza kumrudisha: mara 30, pumzi 2, kina cha sentimeta 5 au zaidi kidogo, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa Kigoma, ambako vijana wanaishi na ziwa, ningelipa somo hili saa mbili nzima na ningesisitiza pumzi, maana aliyezama amekosa hewa kwanza. Hapa Tabora, zaidi ya bwawa la Igombe na mabwawa madogo, saa moja inatosha.

Wa kiraia pengo lake ni ule mkanda. Wakufunzi wengi wa zamani waliambiwa mkanda wa kukaza ni hatari, ni wa mwisho kabisa, uulegeze kila baada ya dakika kadhaa. Maarifa hayo yamepitwa. Kwenye mkono au mguu unaomwaga damu isiyozuilika, unakaza mapema, kati ya jeraha na moyo, sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti wala kiwiko, mpaka damu isimame, hata kama majeruhi anakutukana. Unaandika saa. Huulegezi, atakayeulegeza ni hospitali. Ndani ya saa mbili kwa kawaida kiungo huwa salama.

Sasa angalia mtego. Umemfundisha askari kukaza mkanda, amependa, amepata sifa. Wiki ijayo mwenzake kaumwa na kifutu mguuni. Atafanya nini? Atakaza mkanda! Na hapo atakuwa amemharibia mguu, maana sumu ya kifutu hula nyama, na kuifungia mahali pamoja ni kuisaidia kazi. Kwa nyoka hakuna kukaza, hakuna kukata kwa wembe, hakuna kunyonya, hakuna jiwe jeusi. Mlaze, mvue pete na buti kabla mguu haujavimba, funga kiungo kwa kijiti kisichezecheze, mbebe, mkimbize. Swila akimtemea mtu machoni, maji mengi, mengi kweli kweli. Kwa hiyo masomo haya mawili, damu na nyoka, lazima yafundishwe saa moja na mtu mmoja, bega kwa bega, na askari aulizwe kwa kushtukizwa: huyu unamkaza, huyu humkazi. Sijakuta kozi iliyoletwa kutoka nje inayofanya hivyo. Sisi tunaokaa kwenye miombo ndio tunaojua.

Nyuki nao ni somo la Tabora. Mkoa wa asali huu. Kwanza ni kukimbia, kwa mstari ulionyooka, umefunika uso, mpaka kwenye gari au nyumba. Askari hapendi kuambiwa akimbie, mwambie tu ni amri. Miba itolewe upesi, usichague staili. Midomo ikivimba au pumzi ikikaba, huyo haponi kwa maji ya chumvi, ni wa hospitali sasa hivi. Na joto: kuruta anayeanza kuongea ovyo kwenye matembezi, ngozi inachoma, ukimwona mlevi ujue hajanywa. Mpoze hapo hapo kwa maji na upepo, mwili mzima, ndipo umsafirishe. Wengi wanafanya kinyume, wanamfungia kwenye gari la moto kilometa 30.

Basi chaguo langu ni mpangilio wa vita, damu mbele, lakini nusu ya mifano itoke kwenye rejista yenu. Katika siku ya saa 8 ningetoa saa 3 kwa damu na nyoka, saa 1 kwa njia ya hewa na kumlaza aliyezimia kwa ubavu, saa 1 kwa kusukuma kifua, saa 1 kwa joto, nyuki na kuungua, na saa 2 za mwisho kwa zoezi la kelele, vumbi na kubeba. Dripu na sindano za kifuani ziache. Wamarekani wenyewe waliwahi kuwafundisha wale wa CLS kuweka dripu, kisha wakaliondoa somo hilo; askari alikuwa anatafuta mshipa huku damu inamwagika kwingine.

Nani afundishe

Hapa nitapita haraka. Muuguzi au daktari kutoka hospitali, iwe Kitete hapa au Maweni kule Kigoma, anajua kuliko wote, na atakufundisha majina ya mifupa mpaka mchana. Umpe saa moja ya maswali, si siku nzima. Mkufunzi wa kiraia ana subira na midoli mizuri ya kusukumia kifua, ila somo lake linaishia kwenye "pigia simu gari la wagonjwa". Tabibu wa kikosi anajua maisha yenu, lakini malaria ikipamba moto ataitwa zahanati katikati ya somo. Askari aliyerudi ulinzi wa amani amepitia mafunzo ya huduma ya kwanza ya mwenza kwa mwenza ya Umoja wa Mataifa, na anasikilizwa kuliko wote. Mlinde tu asigeuze somo kuwa hadithi za alivyopona.

Mimi ningemchukua koplo. Koplo mwenye sauti, asiyecheka ovyo, aliyekaa siku mbili na tabibu wa kikosi kabla. Kuruta humwogopa na kumwamini kwa pamoja, na yeye ndiye atakayekuwa naye porini. Tabibu azunguke kati ya makundi akisahihisha.

Vifaa: vya kununua au vya kutengeneza

Mkanda wa CAT, ule wenye kijiti cha kuzungusha, bei yake ni kama dola 30 za Marekani. Kwa watu 120 hiyo ni dola 3,600, na luteni alicheka kwa huzuni. Mtandaoni kuna bandia za bei ya soda, na kijiti chake huvunjika ukizungusha mara ya tatu. Bora usiwe nao kuliko kuuamini huo.

Cha kutengeneza kinawezekana: kitambaa cha pembetatu kilichokunjwa kwa upana wa vidole vitatu au vinne, kijiti cha mninga kisichovunjika, na kitambaa cha pili cha kukizuia kijiti. Kamba ya buti, waya, kamba ya katani, hapana. Vinakata nyama na damu inaendelea. Na kitambaa bila kijiti ni mapambo. Hicho cha kutengeneza kinahitaji mazoezi mara mbili au tatu zaidi ya kile cha kununua, na hiyo ndiyo gharama yake iliyofichika. Nilimshauri anunue 12 halisi: vinne vya mazoezi, avipake rangi ili visije vikaenda kazini, maana hivyo hulegea, vinane vikae kwenye magari, jikoni, ghala la silaha na kwa makamanda wa platuni. Wengine wote wajue kitambaa na kijiti.

Vya kufundishia vipo buchani na sokoni. Paja la mbuzi lenye mfupa, ulichimbe tundu, upitishe mpira mwembamba na uusukume maji ya rozela kutoka kwenye chupa. Askari aingize kitambaa tunduni kwa kidole, ajaze mpaka pasipoingia tena, kisha akandamize kwa uzito wa mwili dakika 10 bila kuchungulia. Hili ni somo la kinena na kwapa, ambako mkanda haukazi. Kabla ya hapo mimi humwaga lita nzima ya rozela juu ya turubai mbele yao, niwaulize ni kiasi gani. Wanasema lita tatu, nne. Siku wakiona damu ya kweli hawatadanganyika kwa woga. Kisha mbuzi anaoshwa, anachomwa, na mahudhurio ya platuni ya pili yanakuwa mazuri ajabu.

Kwa mkupuo au kidogo kidogo

Ratiba ya kikosi hupenda mkupuo: tarehe fulani, picha ya pamoja, imekwisha. Mkono haupendi hivyo. Ujuzi wa kusukuma kifua na kukaza mkanda huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6, na mwaka ukiisha bila kuurudia umebaki na maneno. Kwa hiyo kama unachagua kati ya siku mbili mfululizo mara moja kwa mwaka, na siku moja ikifuatiwa na nusu saa kila mwezi baada ya gwaride, chukua ya pili bila kufikiri. Nusu saa haihitaji kibali cha mtu wala mafuta ya gari. Hapa Tabora siku kubwa iwe kati ya Julai na Septemba, mazao yameshatoka shambani na mvua bado. Ukiiweka Desemba utapigania watu na jembe, na jembe litashinda.

Luteni aliniuliza atajuaje kama fedha haikupotea. Nilimwambia asiandae mtihani. Achague asubuhi moja wiki sita baadaye, saa kumi na moja, giza bado, aingie jikoni badala ya kwenye hanga la mashujaa, amwonyeshe mpishi wa zamu mtu aliyelala chini, suruali imelowa rozela, na abonyeze saa. Dakika moja mkanda uwe umekaza mahali pake, alama ya muda imeandikwa.

Alinipigia simu juzi. Mpishi alitumia sekunde 48, kwa kitambaa cha kushikia sufuria na mwiko. Yeye mwenyewe luteni, alipojaribiwa na sajenti wake mbele ya watu, alitumia dakika moja na nusu na akasahau kuandika saa. Ijumaa hii anarudia.